Kile Kibunduki cha Joto Hakipigi Kitu

Wazee shikamooni, na wengine habari za jioni. Haya nimeyasema Ujiji, nikayasema Kasulu, leo nayasema tena hapa Mwanga: kile kibunduki cha kupimia joto, mnachosema kinapiga mionzi ya kuchoma ubongo, hakipigi kitu. Kinapokea.

Mwaka 2020, wakati wa korona, nilipanga foleni mlangoni pa ofisi moja. Mbele yangu mzee wa watu, kofia mkononi. Kijana akamwelekezea kipimo kwenye paji la uso, mzee akaruka nyuma: "Mjukuu wangu, usinichome ubongo!" Akatoa kiganja. Mikono ilikuwa imetoka kunawa maji ya ndoo, kipimo kikasoma nyuzi 33. Kijana akaandika 33, akampitisha! Jamani, mwenye nyuzi 33 za kweli hapangi foleni, huyo kalazwa.

Nikamwambia, mzee, anayetoa mionzi hapa ni wewe. Mwili wako, sufuria ya ugali, hata jiwe la uani, vyote vinatoa infraredi, miale ya joto isiyoonekana kwa macho, usiku na mchana. Kipimo kinaikusanya tu na kuisoma. Ni sikio lile, na sikio halimpigii mtu kelele.

Hapa huwa kuna mama ananikatiza: "Mwalimu, mbona mkaa unaniunguza?" Mama, sikusema infraredi haiunguzi. Ikizidi inaunguza, na anayekodolea tanuri miaka nenda miaka rudi anaweza kupata mtoto wa jicho. Lakini wewe unayechoma migebuka usiku ndiye shahidi wangu. Umekaa mbele ya jiko, uso unawaka. Inua ungo uukinge: joto linakatika papo hapo. Hewa ni ile ile. Kilichozuiwa ni miale.

Mwanaastronomia William Herschel kule Uingereza, mwaka 1800, aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto nje kidogo ya rangi nyekundu, pasipoonekana rangi yoyote. Hapo ndipo kilipopanda zaidi: ndiyo infraredi hiyo.

Anayebisha atoe simu. Fungua kamera ya mbele, ielekezee kichwa cha rimoti ya tivii, bonyeza. Umeona? Kitaa kinamwekamweka, weupe wenye zambarau, na jicho lako lilikuwa halioni kitu. Infraredi hiyo! Rimoti ambayo watoto wenu wanailamba kila siku, na hakuna aliyekuja kuniuliza habari za ubongo.

Nilitaka kugusa kazi nyingine za infraredi, kama intaneti ya faiba, na setilaiti zinazoona mawingu gizani, ila mwenyekiti ameshatazama saa mara tatu. Wenye simu ambazo hazikuonyesha kitu njooni hapa mbele, tujaribu na yangu.