Doa la Milimita Mbili

Wazee wangu, shikamooni. Ndugu zangu na vijana mliofika jioni hii, hamjambo.

Nilipokuwa shule ya msingi, kila likizo niliunda modeli za ndege na meli. Kisha yakaja masomo, kazi na watoto, ikapita miaka 25 sijashika brashi. Kilichonirudisha ni injini moja ya mvuke iliyo katika Makumbusho ya Reli hapa Nairobi: Mount Gelai, namba 5918. Ni mojawapo ya injini 34 za daraja la 59 zilizoundwa na kampuni ya Beyer, Peacock kule Manchester, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950, zikapewa majina ya milima ya Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa tani 250 na ushei, ikipandisha mizigo kutoka Mombasa kwenye reli yenye upana wa mita moja tu. Rangi yake ni damu ya mzee.

Nimeiunda kwa kipimo cha 1:87, kwa plastiki na kadi ngumu. Chombo chenye urefu wa zaidi ya mita 31 kikawa cha kama sentimita 36. Habari za ujenzi tuziache kwa siku nyingine. Leo nataka tuzungumzie rangi, na hasa ile kazi ya kuizeesha modeli ili ionekane imefanya kazi.

Modeli ya kwanza niliiharibu. Nilipaka kutu kila mahali kwa kipande cha sponji, nikaona imependeza. Nikamwonyesha mzee mmoja jirani yangu, fayamani mstaafu, yaani mtunza moto wa injini za mvuke. Akaigeuza mkononi taratibu, akaniuliza: "Mwanangu, hii injini ilikufa lini?" Sikuwa na jibu. Akaniwekea kidole kwenye fimbo za magurudumu. "Hapa tulipaka mafuta kila siku. Kutu itatoka wapi?"

Nikarudi nyumbani, nikachukua rula. Doa langu la kutu lilikuwa na upana wa milimita 2. Zidisha mara 87: sentimita 17 na zaidi. Nilikuwa nimechora tundu la ukubwa wa kisahani kwenye ubavu wa injini ambayo wenyewe waliifuta kwa matambara mpaka ikang'aa! Tangu siku hiyo sipaki doa kabla sijajua limetoka wapi.

Sasa utaratibu wangu. Praima ya kijivu kwanza, yaani rangi ya msingi, kisha damu ya mzee niliyoipunguza ukali kwa tone la rangi nyepesi, kwa sababu rangi kamili ikikaa kwenye kitu kidogo huonekana nzito kuliko ilivyo. Halafu vanishi ya kung'aa, ya maji. Wengi huiruka hatua hii, nami nawasihi msiiruke. Rangi ya mafuta iliyozimuliwa kwa tapentaini ikiangukia uso mkavu usiong'aa, hunywewa palepale na kuacha baka. Ikiangukia vanishi, hukimbia. Gusa kichwa cha ribiti, ule msumari unaounga mabati, kwa ncha ya brashi, uitazame: ile hudhurungi inazunguka ribiti, inashika mfereji wa kiungo cha bati, inasafiri yenyewe mpaka pembeni. Na kwa kuwa vanishi ni ya maji, tapentaini haiiyeyushi, ukikosea unafuta.

Baada ya hapo ndipo yanapokuja maswali ya mzee. Injini hizi zilichoma mafuta mazito. Fayamani alirusha mchanga ndani ya tanuru ili ukwangue masizi kwenye mabomba, na moshi mweusi tii ukatoka. Kwa hiyo masizi yangu yako juu, kuanzia kwenye bomba la moshi kurudi nyuma. Maji yanapovuja karibu na moto huacha ukoko mweupe, ule ule wa birika la chai. Huo nimeuchora kwa mistari myembamba inayoshuka. Nyuma, kwenye tangi la mafuta, michirizi ni myeusi na inang'aa.

Vumbi jekundu la Tsavo lilinisumbua kuliko yote. Nilileta udongo wenyewe kutoka Voi, nikauchekecha kwa kitambaa cha leso. Haukufaa. Chembe ya robo milimita ni kokoto ya sentimita 2 kwenye kipimo hiki, na modeli ikaonekana kama imepigwa mawe. Nikasaga chaki nyekundu na ya kahawia, nikazipaka chini tu, kwenye magurudumu na fremu, kwa brashi laini isiyo na maji.

Jambo la mwisho alinionyesha mzee kwa mikono yake mwenyewe, akishika hewa kana kwamba anapanda ngazi: vishikio vya mlangoni. Pale hapashiki vumbi wala masizi, maana mikono hupasugua kila zamu. Nimepagusa kwa risasi ya penseli, pakapata mng'ao wa chuma.

Iko pale mezani. Sogeeni muitazame kwa karibu, na taa ipo. Ila tangi la nyuma naomba lisiguswe. Ile michirizi niliipaka juzi, bado haijakauka.