Huo Mstari Usiuguse

Mwangaluka! Haya, na wale msio Wasukuma, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumzie zana za kubildi, yaani programu zinazokusanya msimbo wa tovuti na kuuandaa kwa ajili ya kivinjari. Nitazungumzia faili moja tu, maana lilininyima usingizi wiki mbili. Nilirithi mradi mdogo: ukurasa wa bei za dagaa na sangara, wanaoutumia ni wafanyabiashara wa mwaloni hapo Kirumba, Mwanza. Jedwali, kitufe cha kutafuta, basi. Lakini webpack.config.js, faili la mipangilio ya zana ya kubildi iitwayo webpack, lilikuwa na mistari zaidi ya mia mbili. Nikamuuliza aliyenikabidhi, "Huu mstari wa arobaini kazi yake nini?" Akaniambia, "Kaka, huo usiuguse." Na wa arobaini na moja? "Nao usiuguse."

Mnacheka kwa sababu kila mmoja humu ana faili la namna hiyo.

Lakini yule kijana simlaumu. Mistari mingi ilikuwa dawa ya ugonjwa wa kweli. Webpack ilipotoka mwaka 2012, kivinjari hakikujua import, amri ya faili moja kuita jingine, ni mdudu gani. Lugha yenyewe, JavaScript, ilipata moduli, yaani mafaili yanayoitana kwa import hiyo, mwaka 2015, na vivinjari vikubwa vikaja kuzielewa 2017 na 2018. Katika miaka hiyo ilibidi ukusanye mafaili yote uyafungashe furushi moja, kisha zana iitwayo Babel ikugeuzie msimbo mpya uwe wa kizamani ili Internet Explorer, kivinjari cha zamani cha Microsoft, nayo isome. Juni 2022 Microsoft wakaistaafisha Internet Explorer 11. Mgonjwa kazikwa, sisi bado tunameza vidonge vyake.

Njia niliyotumia ni ya kienyeji kabisa. Nafuta mstari mmoja, nabildi, nafungua ukurasa kwenye simu. Ukurasa ukigoma, mstari unarudi, na juu yake naandika komenti kwa nini upo. Usipogoma, kwaheri. Ila kabla hujaanza, kila kitu kiwe kimeshaingia kwenye git, chombo kinachotunza matoleo ya msimbo, tafadhali. Msinisingizie baadaye.

Vya kwanza kuondoka vilikuwa entry na output, yaani faili la kuanzia na faili la kutolea. Tangu webpack 4 ya mwaka 2018, usipoandika kitu inachukua src/index.js na kutoa dist/main.js, na sisi tulikuwa tumeandika maneno hayohayo kwa mistari kumi. Upande wa picha kulikuwa na file-loader na url-loader, vipachiko vya kuisaidia webpack kushughulikia picha. Webpack 5 ina njia yake yenyewe, type: 'asset' inatosha. Kwenye CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa, nikaumbuka. Kulikuwa na style-loader, kisha css-loader, mimi nikazigeuza nikidhani mpangilio ni urembo tu. Makosa yakajaa skrini nzima. Orodha ile inasomwa kutoka kulia: css-loader ndiyo inayoanza kuisoma CSS, style-loader inapokea na kuiweka kwenye ukurasa.

Halafu nikafika kwenye orodha ya vivinjari tunavyovihudumia. Imeandikwa: ie 11, yaani ileile Internet Explorer. Hapa naomba tutulie kidogo. Mama anayeuza dagaa anafungua ukurasa ule kwa bando la simu yake. Msimbo wote wa ziada uliowekwa kwa ajili ya kivinjari ambacho hajawahi hata kukiona, anaulipia yeye. Sisi wenye waifai ya ofisini hatuoni kitu, tunasema tu "furushi limekuwa kubwa kidogo." Niliifuta orodha ile kwa hasira, nakiri.

Mtu ataniuliza, kwa nini usihamie zana isiyotaka mipangilio kabisa? Nilihamia. Ila tuelewane: zana ikisema haina mipangilio, ujue kuna mtu amekupangia. Waliotumia Create React App, zana ya kuanzishia miradi ya React (maktaba ya JavaScript), wanakumbuka amri ya eject: siku unataka kubadilisha kitu kimoja, unamwagiwa mipangilio yote iliyokuwa imefichwa, na kurudi nyuma hakuna. Mwaka 2025 wenyewe wa React wakatangaza kwamba miradi mipya isianzie huko.

Mimi nilikwenda Vite, zana ya kubildi ya Evan You, iliyotoka 2020. Inaanzia kwenye index.html, na wakati unaandika msimbo haifungashi mradi mzima. Kivinjari kinajiombea moduli zake, kwa kuwa siku hizi kinazielewa. Faili langu la mipangilio nikalifuta lote. Kwenye kompyuta yangu kila kitu safi. Nikapandisha sevani, nikaenda kunywa chai.

Simu ikaita. "Mwanangu, bei zimeenda wapi?" Nafungua: ukurasa mweupe pe! Tovuti yetu inakaa ndani ya folda ya bei, si kwenye mzizi wa sevani, na Vite usipoiambia inachukulia kwamba uko kwenye mzizi. Ilikuwa inatafuta mafaili mahali yasipokuwepo.

Kwa hiyo leo faili limerudi, na ndani yake kuna mpangilio mmoja tu, base: '/bei/'. Juu yake nimeandika komenti: "Tovuti iko ndani ya folda ya bei. Ukifuta mstari huu ukurasa utakuwa mweupe, na mama wa Kirumba atakupigia wewe."