Kuidhibiti Hamira Inayofurika Unapotengeneza Bia Nyumbani

Watazamaji wapenzi, karibuni. Leo tunashughulikia siku tatu za mwanzo, ambapo hamira huchacha kwa nguvu hadi povu likaziba tundu la kutolea gesi na kukifyatua kifuniko cha ndoo. Hapa Mombasa, hasa wakati wa kaskazi, hilo ni jambo la kutarajiwa, kwa sababu hamira nyingi za bia ya eli hupendelea nyuzi joto 18 hadi 22, ilhali vyumba vyetu huwa na joto kupita hapo usiku na mchana, na hamira yenyewe huongeza joto inapokula sukari.

Kwanza, acheni nafasi. Ndoo hii ni ya lita 25, nami nimetia lita 19 tu za maji ya kimea, yaani maji matamu yatakayogeuka bia, yaliyopozwa hadi nyuzi 18 kabla ya kutia hamira. Msiitie maji yakiwa bado vuguvugu kwa kutumaini kwamba mtayapoza baadaye, kwani hamira ikishakolea, kulishusha joto ni kazi ngumu.

Pili, ondoeni kizibo kidogo cha maji, kile kinachotoa gesi bila kuingiza hewa, mpachike kwenye tundu lake mpira safi wenye upana wa nusu inchi au zaidi, na ncha yake ya pili izame katika chupa ya maji yenye dawa ya kuua vijidudu. Tazameni hapa kwa karibu: povu la kahawia, lenye chembe za kijani za hopsi, yaani maua yanayoipa bia uchungu, linapita mpirani na kuishia chupani. Kamwe msifunge kifuniko kisicho na njia ya gesi.

Sasa tuje kwenye joto, ambalo ndilo kiini cha yote. Ikalisheni ndoo ndani ya beseni la maji na kuizungushia leso iliyoloa. Hewa yetu ya Pwani ina unyevu mwingi, hivyo leso pekee haipozi vya kutosha. Tumbukizeni beseni humo chupa za maji yaliyoganda, mkizibadilisha asubuhi na jioni. Msipoze kwa ghafla, maana hamira hulala na maji ya ile chupa yenye mpira yanaweza kuvutwa kurudi ndani ya bia.

Asiye na friji ninamshauri atumie kveik, hamira ya jadi ya Norway inayostahimili nyuzi 30 na zaidi, ingawa mpira bado atauhitaji.

Povu likishuka, rudisheni kizibo. Pimeni kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyosalia, na msitie bia chupani mpaka kipimo kibaki kilekile kwa siku mbili au tatu, kwa kuwa sukari iliyosalia huweza kuzipasua chupa.