Karata 99 za Sadat: Marekani Inapata Nini kwa Israel?

Asanteni. Mliosimama mlangoni sogeeni, hapa mbele viti vipo. Sijui kwa nini watu wetu huikwepa safu ya mbele kana kwamba inawadai.

Nilipoombwa kuzungumzia Marekani na Israel, mzee mmoja wa barazani kwetu aliniambia, "Mwalimu, hilo halina mhadhara. Marekani anampenda Israel, basi." Nikamjibu kwamba mapenzi ya dola hayapiti miaka 70 bila mtu mahali fulani kukaa na kuhesabu chenji. Leo tuihesabu chenji hiyo. Nani ana haki ya ardhi ile ni suala kubwa, mna misimamo yenu na mimi ninao wangu, na jioni hii haitutoshi. Swali langu ni dogo na la baridi: dola kubwa inafaidi nini kufungamana na nchi ndogo iliyozungukwa na mahasimu wenye mafuta?

Rais Anwar Sadat wa Misri alipenda kusema kwamba katika mchezo wa Mashariki ya Kati, Marekani imeshika karata 99 kati ya 100. Asemaye hivyo ni adui wa Israel wa wakati ule, mtu aliyekwenda nayo vitani. Nadhani hakuna mtaalamu wa Washington aliyewahi kueleza thamani ya Israel kwa Marekani vizuri kuliko yeye, ingawa yeye hakuwa akiisifu Israel. Nitawaeleza kwa nini.

Mwaka 1948 karata hizo hazikuwapo. Tarehe 14 Mei Rais Harry Truman aliitambua Israel dakika 11 tu baada ya kuzaliwa kwake. Dakika hizo zinatajwa kila mahali. Kisichotajwa sana ni kwamba siku mbili kabla, Waziri wake wa Mambo ya Nje, Jenerali George Marshall, alimwambia usoni kwamba akichukua hatua hiyo, yeye Marshall akipiga kura mwaka ule atampinga. Wizara yake iliona mzigo: Waarabu ni wengi, mafuta ni yao, utagombana na umma mzima kwa ajili ya nani? Kwa karibu miaka 20 Marekani ikawa inatembea mguu mmoja kwa Truman, mmoja kwa Marshall. Israel ilipoivamia Sinai, ardhi ya Misri, mwaka 1956 pamoja na Uingereza na Ufaransa, Rais Eisenhower aliibana mpaka ikaondoka Machi 1957. Na zile ndege zilizoharibu jeshi la anga la Misri asubuhi ya Juni 1967 zilikuwa za Kifaransa. Vijana wengi hushangaa wakisikia hilo.

Kilichobadilisha hesabu kilianzia mbali, Vietnam.

Agosti 1966 rubani wa Iraq, Munir Redfa, alitoroka na MiG-21 yake akatua Israel. Ndege hiyo ya Kisovieti ndiyo iliyokuwa ikiwasumbua marubani wa Marekani katika anga la Vietnam, nao walikuwa hawajapata kuigusa kwa mkono. Mwaka 1968 Israel iliwaazima. Wakaipeleka jangwani Nevada, wakairusha, wakajua inapolemea na inaposhindwa kukata kona. Desemba 1969 mambo yakawa kama kisa cha Abunuwasi: makomando wa Israel walishuka usiku Ras Gharib, pwani ya Misri, wakaifungua rada nzima ya Kisovieti, wakaining'iniza chini ya helikopta mbili, wakavuka nayo Ghuba ya Suez. Si picha ya rada, jamani. Rada yenyewe. (Kicheko ukumbini.) Mtu wa hesabu huko Washington hawezi kuona hivyo akabaki na mawazo ya Marshall.

Kisha Jordan. Septemba 1970 Mfalme Hussein alikuwa akipigana na wapiganaji wa Kipalestina, na vifaru vya Syria vikaingia kaskazini mwa nchi yake. Majeshi ya Marekani yalikuwa yamezama Vietnam. Rais Nixon na mshauri wake, Henry Kissinger, wakaitaka Israel ijiweke tayari, ikajiweka. Syria ikarudi nyuma. Wanahistoria bado wanabishana ni nani hasa aliyeirudisha, maana ndege za Hussein mwenyewe zilipiga vile vifaru, na Hafez al-Assad, aliyekuwa na jeshi la anga la Syria mkononi, hakulitoa. Hata hivyo Nixon aliamini ni Israel, na mikopo ya silaha ikapanda kwa kasi mwaka uliofuata.

Sasa tufike 1973, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo karata zilipogawiwa.

Tarehe 6 Oktoba, Wayahudi wakiwa katika mfungo wa Yom Kippur na Waislamu katika Ramadhani, Misri ilivuka Mfereji wa Suez na Syria ikashambulia milima ya Golan iliyokuwa mikononi mwa Israel. Katika wiki ya kwanza Israel ilipoteza ndege na vifaru kwa kiasi ambacho haikukitarajia, na risasi zikawa zinakwisha. Kuanzia tarehe 14 ndege za mizigo za Marekani zikaanza kumiminika. Kwa mwezi mmoja zilibeba zaidi ya tani 22,000. Karibu Ulaya yote ilikataa zitue kwake. Ureno peke yake ndiyo iliyotoa uwanja wa Lajes, kisiwani Azores, katikati ya Atlantiki. Silaha zikafika, vita vikageuka, majeshi ya Israel yakauvuka mfereji kuelekea Cairo na kulizingira Jeshi la Tatu la Misri jangwani.

Wengi huishia hapo wakisema, mnaona, Marekani ilimwokoa rafiki yake. Mimi naona jambo lenyewe linaanzia hapo. Jeshi la Tatu lilikuwa halina maji. Israel ilitaka kulimaliza au kulilazimisha lisalimu amri. Moscow, iliyompa Sadat vile vifaru vyote, haikuweza kulifikishia jeshi lile hata pipa moja la maji. Aliyeweza ni Kissinger, kwa kuibana Israel. Iliachia misafara ya chakula na maji ipite, na majenerali wa pande mbili wakakaa kwenye hema katika Kilomita 101 ya barabara ya Cairo kwenda Suez.

Sadat aliisoma vizuri meza ile. Washauri wa Kisovieti alikwisha kuwafukuza kwa maelfu Julai 1972. Sasa akaelewa kwamba Moscow inaweza kumpa bunduki, lakini ardhi ya Sinai, iliyotekwa na Israel 1967, ataipata kwa kupitia Washington tu, kwa kuwa ni Washington pekee Israel inayolazimika kuisikiliza. Mwaka 1975 Suez ikafunguliwa tena. Machi 1979 akatia saini mkataba wa amani, Sinai ikarudi kipande kwa kipande, na nchi yenye jeshi kubwa kuliko yote ya Kiarabu ikahama kutoka kambi ya Wasovieti hadi ya Wamarekani. Wala hakuna askari wa Kimarekani aliyekufa kwa kazi hiyo. Hizo ndizo karata 99. Nguvu ya Israel iliwapeleka Waarabu mlangoni kwa Marekani, kwa sababu Marekani ndiyo iliyokuwa na uwezo wa kuizuia.

Mchezaji karata wa Pwani ananielewa. Turufu uliyoishika haina faida kama kila mtu mezani anajua kwamba hutaitoa.

Bili ya mwaka 1973 nayo ililetwa, na haikulipwa na waliokuwa mezani peke yao. Nchi za Kiarabu ziliinyima Marekani mafuta hadi Machi 1974, bei ya pipa ikaruka kutoka kama dola 3 hadi karibu 12. Tanzania, iliyokuwa na ukame juu yake, ilinunua kwa bei hiyo hiyo. Tanzania na Kenya zote zilivunja uhusiano na Israel mwaka huo wa 1973. Kenya iliurudisha 1988, Tanzania 1995. Na wazee humu mnaikumbuka asubuhi ya tarehe 7 Agosti 1998. Waliolipua balozi za Marekani Nairobi na Dar es Salaam walikuwa wa Osama bin Laden, ambaye Februari ya mwaka huo alikuwa ametangaza vita dhidi ya Marekani na kutaja, miongoni mwa sababu zake, jinsi inavyoitumikia Israel. Waliouawa Nairobi walikuwa 213, Dar 11, wengi wao watu waliokwenda kazini tu. Dhambi ni ya waliotega mabomu, silisemi hilo kwa kunong'ona. Lakini ukiandika gharama za ushirika huu ukaiacha siku ile, daftari lako lina ukurasa uliochanwa.

Tuendelee upesi. Mwaka 1986 Seneta mmoja kijana, Joe Biden, alisema bungeni kwamba kama Israel isingekuwapo, Marekani ingelazimika kuibuni. Miaka mitano baadaye ikaja kejeli. Saddam Hussein ameteka Kuwait, Marekani imekusanya nusu ya dunia kumtoa, na kuna mshirika mmoja inayemwomba kwa udi na uvumba asipigane. Iraq ilirusha kama makombora 40 ya Scud Israel ili iingie vitani na Waarabu wajitoe kwenye muungano ule. Waziri Mkuu Yitzhak Shamir alijizuia. Mchango mkubwa wa Israel katika vita vikubwa vya Marekani eneo lile ukawa ni kukaa kitini. Na mkitafuta kambi kubwa za Marekani huko hamtazikuta Israel: kikosi cha majini kipo Bahrain, uwanja mkuu wa ndege ni Al Udeid, Qatar.

Wapo watakaosema basi yote ni kura za ndani: AIPAC, lile kundi la ushawishi linaloitetea Israel, wachungaji wa Kiinjili, fedha za kampeni. Yana uzito, ndiyo, hasa bungeni. Lakini hayaelezi ile rada ya Ras Gharib, wala kwa nini jeshi la nchi kavu la Marekani lilinunua betri mbili za Iron Dome, mitambo ya Israel ya kudungua makombora, mwaka 2019. Makubaliano ya mwaka 2016 yanaipa Israel dola bilioni 38 kwa miaka 10, kuanzia 2019 hadi 2028. Bilioni 33 za silaha na 5 za kinga dhidi ya makombora. Sehemu kubwa ya fedha hizo haitoki Marekani, inahama mfuko tu, kwenda kwa viwanda vyake vyenyewe. Na hakuna mkataba wa kulindana. Poland inao, kupitia NATO. Israel haina. Ushirika huu wote umesimama juu ya mazoea, sheria za bunge na simu.

Simu ndiyo ninayotaka kumalizia.

Agosti 1982 Beirut, mji mkuu wa Lebanon, ilikuwa ikipigwa mabomu na Israel kutwa. Tarehe 12 Rais Reagan alimpigia Waziri Mkuu Menachem Begin, na mashambulizi yakasimama siku hiyo hiyo. Mwaka 1991 Bush mkubwa alizuia dhamana ya mikopo ya dola bilioni 10 kwa sababu ya makazi ya walowezi. Viongozi hawa hawakuwa maadui wa Israel. Walikuwa wanaitoa turufu yao mezani, na kila mji mkuu wa Kiarabu uliona kwamba ipo kweli.

Baada ya tarehe 7 Oktoba 2023, Hamas ilipoua watu wapatao 1,200 na kuteka 251, na Israel ikaingia Gaza kwa vita vilivyoua makumi ya maelfu ya Wapalestina, turufu ilikaa mkononi. Mei 2024 Biden, sasa mzee, alizuia shehena moja ya mabomu mazito. Silaha nyingine zikaendelea kwenda. Wahouthi wa Yemen wakaziandama meli Bahari ya Shamu, kampuni za meli zikazungusha shehena kupitia Rasi ya Tumaini Jema. Juni 2025 Israel ikaishambulia Iran, na baada ya siku tisa ndege za B-2 za Marekani zikapiga Fordow, kituo cha nyuklia cha Iran, kwa mabomu ambayo Israel haina. Hapo nani aliyemtumia mwenzake? Anayesema Israel ilimfungulia Marekani anga ya Iran hajakosea, na anayesema Marekani ilivutwa kwenye vita ambavyo haikuvipanga naye hajakosea.

Halafu tarehe 9 Septemba 2025 ndege za Israel zikapiga Doha, mji mkuu wa Qatar, kuwalenga viongozi wa Hamas. Doha hiyo hiyo ya Al Udeid. Kila mtawala wa Ghuba aliyeweka usalama wake mikononi mwa Marekani alijiuliza usiku ule: kama Qatar haikukingwa dhidi ya rafiki wa rafiki yake, mimi je? Kwa hesabu yangu, hiyo ndiyo siku karata zote zilipokaribia kuanguka chini ya meza.

Tarehe 29 Septemba Waziri Mkuu wa Israel, Netanyahu, alikuwa Ikulu ya Washington, Rais Trump ubavuni. Kutoka hapo alimpigia Waziri Mkuu wa Qatar akamwomba radhi. Siku 11 baadaye, tarehe 10 Oktoba, mapigano Gaza yakasitishwa.

Haya, maswali. Tuanze na mama wa kilemba cha buluu, mkono wako umekuwa juu tangu nilipomtaja Abunuwasi.