Mama Kayai: Aliyemshikia Ojwang' Kamba

JUMA: Karibu tena msikilizaji wetu. Niko na dada yangu Nekesa, na leo naona ameingia studio na jambo lake.

NEKESA: Ninalo, Juma. Mary Khavere unamjua?

JUMA: Khavere... hilo ni jina la kwenu Magharibi. Simjui.

NEKESA: Na nikikwambia Mama Kayai?

JUMA: Mama Kayai wa Vitimbi, ile komedi ya televisheni! Sasa huyo nani hamjui?

NEKESA: Ni mtu yuleyule. Kinachoniuma ni hicho. Mama ameigiza tangu miaka ya 1980, uso wake tunaujua, sauti tunaijua, lakini jina lake halisi hatuna habari nalo.

JUMA: Lakini mwigizaji si angefurahi? Kwamba aliigiza mpaka tukamsahau yeye tukabaki na Mama Kayai.

NEKESA: Angefurahi, sawa. Ila hata hiyo Vitimbi, watu wakiisimulia ni mumewe wa mchezoni, Mzee Ojwang', Ojwang', Ojwang'. Juzi nimekaa na video za zamani usiku kucha. Usimtazame Ojwang', mtazame mama. Mzee anaingia na uongo wake, anapayuka, anarusha mikono. Mama Kayai hasemi kitu. Anakaza kilemba. Anamtazama kuanzia miguuni, taratibu, mpaka usoni. Wewe nyumbani tayari unacheka, na Ojwang' hajafika kwenye uongo wenyewe.

JUMA: Kweli kabisa. Kicheko kilikuwa kwenye yale macho.

NEKESA: Ndiyo maana nasema yeye ndiye aliyeshika kamba. Angecheka naye, au angefoka mapema, mchezo ungeisha. Kumsubiri mwenzako namna ile ni kazi ngumu kuliko kusema maneno.

JUMA: Na vijana wanaotusikiliza wajue wakati ule hukuwa na pa kuhamia. Televisheni ilikuwa moja, Sauti ya Kenya, iliyokuja kuitwa KBC mwaka 1989. Kituo cha KTN kimekuja 1990. Kwetu tulikuwa na TV ya Great Wall ya rangi nyeusi na nyeupe, inawashwa kwa betri ya gari. Siku ya Vitimbi majirani wanajaa hadi mlangoni. Betri ikianza kuisha picha inajikunja, inakuwa ndogo, na hakuna anayeondoka. Tunabaki tukisikiliza sauti.

NEKESA: Na sauti zile zilitosha! Lafudhi ya Kijaluo ya Ojwang', wengi waliapa ni mtu wa Nyanza.

JUMA: Kumbe ni Benson Wanjau, Mkikuyu.

NEKESA: Mkikuyu anaigiza Mjaluo, mkewe kwenye mchezo ni Khavere, na nchi nzima inaamini hiyo ni nyumba moja. Mimi hilo nalithamini mno, Juma. Walicheza kabila la mtu bila kumdhalilisha mwenye kabila. Ojwang' alikuwa mjanja, mwoga, mpenda makuu, lakini ujinga wake ulikuwa wake, haukuwa wa Wajaluo.

JUMA: Na kuna watu mpaka leo wanadhani walikuwa mume na mke kweli.

NEKESA: Wengi! Mzee Wanjau alipofariki Julai 2015, shangazi yangu alinipigia simu analia. Akaniambia, "Jamani, Mama Kayai amebaki na nani?" Nikamweleza: shangazi, hawakuoana, ilikuwa kazi tu, kila mmoja na familia yake.

JUMA: Akasemaje?

NEKESA: Akanyamaza kidogo. Kisha akaniambia, "Hata kama. Wameishi sebuleni kwangu miaka yote hiyo. Nani mwingine nimpe pole?"