Herufi moja kwenye fomu ya mkopo

HAMISI: Dada Zawadi, wiki hii umehamia stationari, nasikia.

ZAWADI: Siku tatu, kaka. Binti wa jirani kamaliza kidato cha sita, anataka udaktari, na maombi yake ya mkopo wa chuo kwa Bodi ya Mikopo yamekwama. Cheti cha kuzaliwa kinasema Mwanaidi, cha kidato cha nne kinasema Mwanahidi.

HAMISI: Herufi moja!

ZAWADI: Herufi moja. Na leo kwenye kipindi tulipanga mambo matatu: vyeti, mdhamini, na pesa ya kuripoti chuoni.

HAMISI: Tuanze na herufi, hayo mengine yatafuata.

ZAWADI: Haya. Mfumo wa Bodi unaanza na namba ya mtihani ya kidato cha nne, kwa hiyo jina linatoka Baraza la Mitihani. Halafu unaingiza namba ya uhakiki wa cheti cha kuzaliwa kutoka RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, au mwenzake ZCSRA kwa wa Zanzibar. Majina yakipishana, hapo ndipo kijana anaambiwa akaape kwa wakili, analipa, na bado hajatoka.

HAMISI: Kwa sababu kiapo na dipoli ni vitu viwili.

ZAWADI: Kabisa. Kiapo kinaeleza kwamba majina haya mawili ni ya mtu mmoja. Dipoli ni hati ya kuacha jina moja na kushika lingine, na inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kabla ya kulipia chochote, uliza kosa liko wapi. Kama karani ndiye aliyekosea kwenye cheti cha kuzaliwa, omba RITA wakirekebishe. Jina la cheti cha mtihani ndilo la kushikilia, maana lile halibadiliki kirahisi.

HAMISI: Na kila safari ya wilayani ni nauli. Fomu ya Bodi yenyewe ni shilingi 30,000. Kila chuo unachoomba, 10,000. Mwenye nacho anaomba vyuo vitano. Asiye nacho anaomba kimoja, tena katika kozi ambayo wote wanaikimbilia.

ZAWADI: Na yatima ndiye anayeumia zaidi. Baba alizikwa kijijini, kifo hakikuandikishwa. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, Bodi haina namna ya kujua kwamba huyu ni yatima. Sasa aanze kutafuta barua ya mtendaji, asajili kifo kwa kuchelewa, ndipo aombe uhakiki. Hizo ni wiki, si siku.

HAMISI: Wiki zenyewe yuko JKT, Jeshi la Kujenga Taifa! Mtihani Mei, kambini Juni, matokeo Julai, na dirisha la maombi halimsubiri. Namba ya siri ya maombi inaingia kwenye simu aliyomwachia mama.

ZAWADI: Ndiyo maana nasema vyeti vishughulikiwe akiwa kidato cha tano. Na fomu ikishagongwa muhuri kwa mwenyekiti wa mtaa, aipeleke kwa hakimu wa Mahakama ya Mwanzo aisaini. Si lazima wakili.

HAMISI: Mimi ningemwambia jambo jingine. Aombe na diploma ya utabibu. Miaka mitatu anakuwa afisa tabibu, anapata kazi, na akiwa na GPA, yaani wastani wa alama, ya 3.0 anaweza kuomba udaktari baadaye.

ZAWADI: Hapana, kaka. Mwenye ufaulu wa fizikia, kemia na baiolojia asirudishwe nyuma kwa sababu ya umaskini. Akishaanza kulisha wadogo zake kwa mshahara ule, nani atamwachia arudi darasani miaka mitano?

HAMISI: Na akipata nafasi ya udaktari, mkopo ukaja pungufu? Chuo binafsi ada yake ni kubwa, Bodi inalipa kwa viwango vyake. Tofauti analipa nani?

ZAWADI: Basi achague vyuo vya umma.

HAMISI: Vya umma ndivyo vyenye foleni! Unamwambia akose vyote viwili.

ZAWADI: Namwambia asijihukumu kabla Bodi haijamjibu. Kuna awamu za mkopo, kuna rufaa.

HAMISI: Rufaa inajibiwa wenzake wako darasani, dada. Usajili wa chuo una mwisho.

ZAWADI: Anaweza kuomba kuahirisha mwaka.

HAMISI: Mwaka mzima nyumbani, kwa familia ile? Sikubali.

ZAWADI: Nami sikubali diploma iwe ya maskini.

HAMISI: Fundi mitambo ananyoosha vidole viwili.

ZAWADI: Dakika mbili? Mdhamini hatujamgusa!

HAMISI: Wala pesa ya kuripoti.

ZAWADI: Basi hili tu: mdhamini awe na kitambulisho na picha ya pasipoti, na jina lake liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho...

HAMISI: Herufi kwa herufi.

ZAWADI: Herufi kwa herufi. Na fomu ikishasainiwa iskaniwe kurasa zote zinazotakiwa, maana ukurasa mmoja ukikosekana mfumo una—

[Mwisho wa kurekodi]