Pima jinsi udongo wako unavyokunywa maji

Karibuni shambani. Hapa ni Dodoma, mvua ya juzi ilishuka kwa fujo na maji mengi yakaishia korongoni. Leo tunapima mawili: udongo unakunywa kwa kasi gani, na unabaki na akiba kiasi gani.

Chukua bomba la plastiki la inchi 6, kata kipande cha sentimita 15, ukingo mmoja uuchonge uwe mkali. Kata majani kwa mkasi, usiyang'oe. Na huu utando mgumu unaoona hapa juu usiukwangue, maana mara nyingi ndiye mwizi wetu, anayazuia maji kuingia. Weka ubao juu ya bomba, gonga kwa nyundo mpaka lizame nusu. Halafu shindilia udongo kwa kidole ukutani kwa ndani, maji yasipenye hapo.

Tandika nailoni ndani. Mifuko imepigwa marufuku, ila kifungashio cha mkate kinatosha. Mimina maji yafike sentimita 2.5, vuta nailoni taratibu, anza kuhesabu muda kwenye simu.

Yameisha? Andika dakika, ila usizishangilie. Udongo mkavu una kiu, unafakamia. Mimina tena, na tena, kiasi kilekile. Sisi tulianza na dakika 18, zikaja 55, kisha 100, na 100 tena. Hapo imetulia: milimita 25 kwa dakika 100, yaani milimita 15 kwa saa. Kichanga huzidi 30. Mfinyanzi mzito huishia kati ya 1 na 5.

Sasa akiba. Funika mahali hapo, rudi baada ya siku mbili, maji ya ziada yakishateremka. Zamisha kopo la nyanya lenye ujazo wa mililita 200, lichimbue zima, sawazisha mdomo kwa kisu, kisha pima udongo wenyewe, bila kopo. Maabara hukausha kwa nyuzi 105 kwa saa 24. Nyumbani tumia kikaango, moto mdogo, ukikoroga. Ukisikia harufu ya kuungua umezidisha. Pima, rudisha motoni, pima tena mpaka uzito ugome kushuka.

Wetu ulikuwa gramu 330, ukabaki 280. Gramu 50 za maji katika ujazo wa 200 ni robo. Kwa hiyo kina cha sentimita 10 kimeshika milimita 25, yaani lita 25 kila mita ya mraba. Mizizi haitazipata zote. Nyingine udongo huzing'ang'ania.

Haya, beba bomba, tuhamie kule kwenye matuta.